Sauti Kupitia Dirisha

Mzungumzaji wa Kiswahili akisema "amekuja" huku sauti ikishuka, ametoa taarifa; akiipandisha mwishoni, ameuliza swali. Silabi ni zile zile nne. Sikio huitambua tofauti hiyo mara moja, ila mwanafunzi wa fonetiki anayetaka kuithibitisha katika tasnifu hukimbilia spektogramu, yaani picha inayoonyesha jinsi nguvu ya sauti inavyogawika baina ya mitetemo ya chini na ya juu kadiri muda unavyosonga.

Mtetemo hauwezi kupimwa katika nukta moja ya wakati, kwa kuwa sharti ujirudie ndipo uhesabike. Basi tarakilishi hukata kipande kifupi cha sauti, kiitwacho dirisha, ikakadiria nguvu zilizomo, kisha ikasogea mbele kidogo na kukadiria tena. Hapo ndipo penye utata. Dirisha la sekunde 0.005, ambalo programu ya Praat huanza nalo, hutenganisha mitetemo kwa upana wa hezi 260 hivi. Mpasuko wa /k/ huonekana waziwazi kama mstari wima, na irabu /u/ hujipambanua na /a/ kwa mikanda yake mizito. Lakini koo la mwanamume aghalabu hutetema mara 100 na ushei kwa sekunde. Mistari ya ulalo inayobeba kiimbo hukaribiana mno, nayo humezwa yote. Dirisha likirefushwa hadi sekunde 0.03, upana hushuka hadi hezi 43. Mistari hiyo hujitokeza kama vidato vya ngazi, yote ikipanda pamoja swali linapoulizwa; nao mpasuko wa /k/ hutawanyika mithili ya wino kwenye karatasi iliyolowa.

Hii si kasoro ya programu. Watafiti wa maabara ya Bell nchini Marekani, walioibuni mashine ya kuchora picha hizi katika miaka ya 1940, waliiwekea vichujio viwili, cha hezi 300 na cha hezi 45. Katika kitabu chao *Visible Speech* cha mwaka 1947 walitumaini (pengine kupita kiasi) kwamba viziwi wangeweza kusoma usemi kwa macho.

Mtahini aletewapo leo picha ya "amekuja?" isiyo na mistari ya kiimbo, wala urefu wa dirisha haukutajwa, ataamuaje kama ni mzungumzaji ambaye hakuipandisha sauti, ama ni dirisha tu lililokuwa fupi?