Karatasi za Watu Wenye Haraka

Kwetu Sapiwi, Simiyu, tunawajua mawakili wa kesi za mashamba na wa kesi za mauaji. Nilipokwenda nyumbani baada ya kuapishwa, mwaka 2010, jirani mmoja alitaka nimtetee mwanawe aliyekamatwa na ng'ombe wa watu. Nikamweleza kwamba mimi sisimami mahakamani, naandika mikataba ya makampuni. Alinitazama kwa huruma, akaniambia nisikate tamaa, nitafika tu.

Nilisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nikapita Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo ikiwa bado changa, kisha nikaingia ofisi moja ya mawakili katikati ya jiji iliyokuwa ikiishi kwa rehani za benki na hati za viwanja. Kazi ile haina simulizi. Unakagua hati, unagonga muhuri, unapanga foleni. Ningestaafu nayo kama wasingeingia vijana wawili siku moja bila miadi, wamevaa raba, wakauliza kama pale kuna wakili anayeelewa mambo ya intaneti. Wenzangu walinisukumia mimi kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote ofisini.

Walitokea Buni, ile karakana ya wabunifu ndani ya jengo la COSTECH, Kijitonyama. M-Pesa ilikuwa imeingia nchini mwaka 2008, na kila kijana aliyejua kuandika programu alikuwa na wazo la kitu cha kupachika juu yake. Hawa walikuwa wamempata mtu wa Ulaya aliye tayari kuweka pesa, naye ameomba kuona karatasi za kampuni. Wakazitoa kwenye bahasha ya kaki. Katiba ya kampuni, ile tunayoiita MEMART, ilisema kampuni imeundwa ili kuagiza vipuri vya magari, kuendesha hoteli, kuchimba madini na kusafirisha korosho. Kuhusu programu, kimya. Walikuwa wameinunua kwenye duka la steshenari, ikiwa imeshachapwa. Unajaza jina, unatia sahihi, unapeleka BRELA, kwa msajili wa makampuni.

Katiba hurekebishika. Nikauliza swali lililofuata: programu yenyewe aliiandika nani? Wakatazamana. Aliiandika rafiki yao wa chuo, ambaye walishagombana naye, naye akahamia Arusha.

"Lakini tulimlipa," mmoja akasema.

"Mna karatasi?"

"Tulimtumia kwa simu, wakili. Meseji ipo."

Meseji inathibitisha kwamba pesa ilitoka. Haisemi kwamba haki imehama. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inailinda programu ya kompyuta kama inavyokilinda kitabu, na mwekezaji mwenye akili timamu haweki shilingi juu ya kitabu ambacho mwandishi wake yuko Arusha na kinyongo. Nikapanda basi. Nilimkuta kijana mwenyewe ni mpole kuliko nilivyosimuliwa, na pesa hakuzitaka nyingi. Alitaka wale waliomtukana mbele ya watu wamwombe radhi. Hati ya kuhamisha haki niliiandika kurasa mbili, akaisoma, akasaini. Radhi ndiyo iliyotuweka pale hadi jioni, kwa simu, spika ikiwa wazi, kila upande ukikumbushia nani alianza.

Habari zikaenea huko Kijitonyama kwamba yupo mama mmoja anayejua kusafisha karatasi. Na kweli, nusu ya maisha yangu ya kazi nimekuwa dobi. Ritani za mwaka ambazo hazikuwahi kupelekwa BRELA. Hisa zilizogawiwa kwa mdomo. Mjomba aliyeahidiwa asilimia kumi kwenye kikao cha harusi kwa kuwa alitoa kompyuta ya kwanza, na ambaye hukumbuka ahadi hiyo wiki ileile mwekezaji anapotua uwanja wa ndege.

Nusu nyingine ni mkataba wa wanahisa, na hapo wote huja na swali moja: mwekezaji anataka asilimia ngapi? Huwaambia asilimia iko ukurasa wa kwanza, na mimi mikataba ya wawekezaji naanza kuisoma nyuma. Mtu anaweza kuchukua asilimia 20 tu ya hisa, lakini huko ndani mkawa hamwezi kupitisha bajeti, kukopa, kuajiri mkurugenzi wala kutoa hisa mpya bila yeye kukubali. Halafu kuna haki ya kulipwa kwanza. Ameweka dola 400,000 kwa asilimia zake 20. Mambo yakawa magumu, kampuni ikauzwa dola 500,000. Yeye anaondoka na zake 400,000. Nyinyi wenye asilimia 80 mnagawana laki moja iliyobaki. Nimewaona vijana wakipiga hesabu hiyo kwenye simu mara tatu, wakidhani kikokotoo kimeharibika.

Mimi somo hilo nilipewa na pamba. Baba yangu aliuza kwa ushirika enzi za SHIRECU, akauza kwa wanunuzi binafsi biashara ilipofunguliwa miaka ya tisini, na ukanda wetu ulipohubiriwa kilimo cha mkataba, nikiwa tayari wakili, alinisubiri nije likizo ili nimsomee karatasi ya kampuni moja. Mbegu na dawa unapewa kwa mkopo, pamba unamuuzia aliyekukopesha. Deni lilielezwa vizuri sana, chupa kwa chupa.

"Mayu," baba akauliza, "bei iko wapi humu?"

Bei ingetangazwa msimu utakapofunguliwa. Nikamwonyesha pia kwamba tarehe ya kuja kupima pamba anaipanga mnunuzi, na pamba ikikaa inapungua uzito akiwa nayo mkulima. Akanishukuru, akakunja karatasi, na kesho yake akaisaini. Viwavi hawasubiri wakili. Sijawahi kumlaumu, na tangu hapo sijamcheka mteja yeyote aliyesaini masharti mabovu kwa kuwa mishahara ya mwezi ule ilikuwa imekwama. Kazi yangu ni asaini akijua alichokitoa.

Baadaye pesa zikakua na karatasi zikahamia ng'ambo. Mwekezaji wa Marekani hataki hisa za kampuni iliyosajiliwa Dar es Salaam. Anataka ianzishwe kampuni mama kule Delaware, hii yetu iwe tanzu yake. Wenzangu wengi wanalilalamikia hilo kama usaliti. Mimi sioni usaliti. Delaware ina mahakama iliyobobea katika mambo ya makampuni, na wawekezaji wanazifahamu sheria zake hata wakiwa usingizini. Ninachokilalamikia ni wakili wa kule kulipwa maelfu ya dola na kuniandikia mimi kwamba huku chini kumebaki "mambo madogo ya usajili". Huku chini ndiko waliko wafanyakazi. Ndiko iliko leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Mifumo ya Malipo ya 2015, bila hiyo leseni kampuni ya malipo ni tovuti tu. Ndiko iliko TRA vilevile, na Sheria ya Kodi ya Mapato inasema umiliki wa mwisho ukibadilika kwa zaidi ya asilimia 50 ndani ya miaka mitatu, kampuni huhesabiwa kuwa imeuza mali zake na kodi inadaiwa hapa, hata kama hisa zimebadilishana mikono juu ya meza ya New York. Barua nilizoandika kueleza kifungu hicho zingejaza kabati.

Hata hivyo hali imebadilika. Mwaka 2020 teknolojia ya KopaGas, ya kuuza gesi ya kupikia kwa kiasi unachokitumia, ilinunuliwa na Circle Gas kwa dola milioni 25. Mwaka 2024 NALA, iliyoanzishwa na Benjamin Fernandes, ilikusanya dola milioni 40. Sikuwa kwenye meza hizo, lakini zilinirahisishia kazi: sasa nikimpigia ofisa wa benki kumweleza mteja wangu ni nani, haniulizi tena kama ni upatu.

Siku hizi naishi Dar na Simiyu kwa zamu. Wateja wangu wapya ni vijana wa Bariadi, wawili wao watoto wa wakulima kama mimi, wenye programu ya kunakili uzito wa pamba pale kwenye mzani wa chama cha msingi na kumpelekea mkulima ujumbe hapohapo. Niliwafuata kituoni kuiona ikifanya kazi. Karani anasoma mzani, anaandika kwenye daftari lake kama kawaida, kisha anaingiza kwenye simu. Mzee mwenye mzigo anatoa simu yake ya batani kifuani, anaisogeza mbali na macho, anailinganisha na daftari. Kama namba hazilingani mzigo unarudi kwenye mzani.

Nikawauliza majina na namba za simu za wakulima wanazihifadhi wapi. Kwenye laptop ya mmoja wao, wakasema. Basi tukaanzia hapo, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na usajili kwenye Tume yake. Wanataka pia kukopesha pembejeo, kwa hiyo watahitaji leseni ya huduma ndogo za fedha daraja la pili na mtaji usiopungua shilingi milioni 20. Walitaka kunilipa kwa hisa. Nikakataa: wakili mwenye hisa hawezi kumshauri mwenye kampuni akatae pesa. Wananilipa kwa simu, kidogo kidogo.

Mwekezaji wao wa kwanza yuko Uholanzi. Pesa anazileta kama mkopo utakaogeuka hisa, na mkopo wa nje wa zaidi ya mwaka lazima upate namba ya kumbukumbu ya deni kutoka Benki Kuu, la sivyo siku ya kuurejesha benki haitauruhusu utoke. Kifungu cha kura ya kukataa tumekipunguza kutoka mambo kumi na manne hadi matano, na la sita, bei ya huduma kwa vyama vya msingi, bado tunavutana juu yake. Anataka aidhinishe yeye. Vijana walikuwa tayari kukubali wiki iliyopita. Nimewaomba wasubiri nimwandikie tena.