Vitanzi Viwili Viwe Kimoja: Nilivyojifunza Kufuma Kofia Mjimwema

Ukija Songea mwezi wa Juni au Julai, usije na shati jepesi tu. Mji wetu uko juu, zaidi ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari, nao unatazamana na milima ya Matogoro, ndiko unakoanzia mto Ruvuma ulioupa mkoa wetu jina. Miezi hiyo asubuhi huwa na baridi kali, na mgeni wa kutoka pwani hutetemeka huku wenyeji wakimcheka.

Mimi nakaa Mjimwema, moja ya kata za manispaa hii. Kazi yangu ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu chuoni, lakini siku hizi naandika majina katika kitabu cha ubatizo. Kazi hiyo imenizoeza kutazama vichwa vya watoto. Wengine huletwa wamevikwa vizuri, wengine wamefunikwa kipande cha khanga kinachoanguka kila mara. Nilikuwa nikiona hivyo, kisha nasahau. Sikujua kwamba jambo hilo lingebisha hodi nyumbani kwangu.

Mwaka juzi, katika Julai, mke wangu alijifungua mtoto wa kike kabla ya siku zake kutimia. Alikuwa mdogo sana, kiganja changu kilitosha kuufunika mgongo wake. Muuguzi akatufundisha kumweka kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na kumfunika juu. Kisha akaniambia, “Baba, tafuta kofia ya sufu. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote. Kikiachwa wazi, joto lake linapotea upesi.”

Nilizunguka madukani. Kofia nilizoziona zilikuwa kubwa, zingemfunika mpaka kidevuni. Basi nikaenda kwa bibi mmoja jirani yetu, ambaye kila siku huota jua barazani na sindano zake mbili za kufumia. Nilitaka kumwagiza. Bibi akanionyesha vidole vyake vilivyovimba kwa baridi, akasema, “Mjukuu wangu, leo haviwezi. Keti hapa, utafuma wewe mwenyewe.”

Nikaona haya, maana mimi mwanamume, tena karani. Lakini nilimkumbuka mtoto, nikaketi.

Bibi hakuwa na uzi mpya. Alichukua sweta kuukuu la mitumba, akalifumua, akaufua uzi, akaukausha na kuuviringa donge. Akanianzishia vitanzi 72 katika sindano moja, akanifundisha mshono wa kwanza, ule ule mmoja kwa kila safu. Siku ile na usiku wake nilifuma mpaka nikapata kitambaa chenye urefu wa shubiri moja. Nikajiona fundi. Nikakishona ubavu, nikakikusanya juu kwa kamba, nikampelekea.

Bibi akacheka hata akafuta machozi. Juu palikuwa na fundo kubwa kama ngumi. “Baba wee, kichwa cha mtoto si gunia la mahindi! Atalala vipi na jiwe hili?” Kisha akanyamaza kidogo, akasema polepole, “Umejua kwenda mbele tu. Kupunguza hujajua.”

Nikakatia kamba, nikafumua juu mpaka karibu nusu, nikarudisha vitanzi vyote 72 katika sindano. Ndipo nilipojifunza jambo ninalotaka nawe ulijue.

Kupunguza ni hivi. Sindano yenye vitanzi ishike kwa mkono wa kushoto. Usiingize ncha ya sindano ya kulia katika kitanzi kimoja kama ulivyozoea. Iingize katika viwili kwa pamoja, kupitia kile cha pili kwanza, kisha cha kwanza. Zungusha uzi, uvute utokee mbele, halafu viachie vyote viwili vitoke katika sindano ya kushoto. Vilikuwa viwili, sasa ni kimoja. Mwanzoni sindano ilikataa kuingia, kwa kuwa nilikuwa nakaza uzi kama mtu anayefunga mzigo wa baiskeli. Bibi akasema, “Legeza mkono. Uzi haukimbii.”

Hapo ualimu wangu ukanifaa, maana kofia ni hesabu. Vitanzi 72 vigawe mafungu 8, kila fungu vitanzi 9. Fuma 7, kisha 2 kwa pamoja. Rudia hivyo mpaka mwisho wa safu. Vitabaki 64. Safu inayofuata fuma bila kupunguza. Kisha fuma 6, na 2 kwa pamoja, vitabaki 56. Endelea hivyo, kila mara ukipunguza kimoja katika hesabu ya kufuma, na safu moja tupu katikati: 48, 40, 32, 24, 16. Mwisho fuma 2 kwa pamoja mfululizo, vibaki 8. Kata uzi, upitishe katika vile 8 kwa sindano ya kushonea, uvute, ukaze, kisha ushone ubavu. Juu patakuwa duara laini, bila fundo.

Hesabu vitanzi kila umalizapo safu ya kupunguza. Mimi nilipitiwa mara moja, kofia ikaanza kupinda upande, ikanibidi kufumua safu nne. Na usipunguzie vyote mahali pamoja. Vitawanye, ili kila upande uchangie kidogo.

Baadaye nilimweleza mvuvi mmoja kutoka Mbamba Bay mambo hayo. Hakushangaa hata kidogo. Akasema nao wanaofuma nyavu za Ziwa Nyasa, wakitaka wavu uwe mwembamba, huyashika macho mawili kwa fundo moja. Kumbe ujuzi ni ule ule, wa samaki na wa mtoto.

Kofia nilimaliza siku ya tatu jioni. Nilipoivika kichwani mwa binti yetu, ilimkaa sawasawa, ikafunika masikio. Mama yake alikuwa hajatabasamu tangu kujifungua. Akaitazama, akaniuliza, “Ni nani aliyefuma?” Nikamwambia. Akacheka, na mtoto kifuani akatikisika kwa kicheko chake. Sisemi kofia peke yake ilimponya. Kifua cha mama na wauguzi walifanya kazi kubwa. Lakini nasema haikuwa kazi ndogo.

Sasa binti yetu anakimbia barazani kwa bibi na kumvurugia nyuzi. Kofia ile imevaliwa na watoto wengine wawili, na nimeshaitengeneza mara moja.

Basi, akina mama mnaojua, wafundisheni wengine, na msiwaache wavulana nje. Na ninyi akina baba, msione haya. Sweta moja kuukuu na sindano mbili zinatosha. Twasema haba na haba hujaza kibaba. Nami nimeona kwamba hata kupunguza hufanywa haba na haba, kitanzi kwa kitanzi, mpaka kichwa cha mtoto kikafunikwa.