Wifi, Nikulipe Shilingi Ngapi?

Ujumbe uliingia saa tatu usiku, siku ya Ijumaa, nikiwa nimeshavua viatu na kikombe cha chai mkononi. "Shikamoo wifi. Kesho sitaweza kuja. Na Jumatano pia sitakuja. Samahani."

Nikausoma mara mbili. Kesho yake wageni wawili walikuwa wanatoka kwenye nyumba yetu ya Mikocheni saa nne asubuhi, na familia ya watu wanne inaingia saa nane mchana. Katikati hapo kuna saa nne tu za kuifanya nyumba ionekane kama haijawahi kulaliwa na mtu. Nikapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Nikamgeukia mume wangu. "Mdogo wako amegoma."

Macho yake yalikuwa kwenye mpira. "Atagomaje? Kwani ameajiriwa?"

Alisema kwa utani, lakini jamani, lile swali lilinikaa kichwani. Ni kweli, wifi yangu hakuwa ameajiriwa. Sasa miaka mitatu yote ile alikuwa anafanya nini pale Mikocheni?

Ilivyoanza

Hebu nikurudishe nyuma kidogo, msomaji wangu. Mwaka 2022 mpangaji wetu alihama, nasi tukaamua kuachana na habari za kukimbizana na kodi. Tukanunua mashuka meupe, tukabandika picha mbili ukutani, tukaiweka nyumba Airbnb. Ni vyumba viwili, sebule, jiko, choo na bafu. Wifi alikuwa ndiyo kwanza amemaliza chuo, anakaa Kimara kwa shangazi yao, kazi hana. "Nitakuwa napita kufanya usafi," akasema mwenyewe, "si niko tu nyumbani." Siku ya kwanza kaka yake akampa shilingi 10,000, "ya nauli". Basi, hiyo 10,000 ikawa ndiyo sheria.

Hakuna aliyetaja bei. Nani aanze? Wifi angemwambiaje kaka yake, aliyemlipia ada ya chuo, kwamba usafi una bei yake? Na mimi, mke wa kaka, ningeanzia wapi bila kuambiwa nawagombanisha ndugu? Tukanyamaza wote watatu. Bei ya kulala usiku mmoja tukaipandisha kutoka 80,000 mpaka 120,000. Ile ya wifi ikabaki palepale.

Jumamosi ya moto

Asubuhi nikaenda kufanya usafi mwenyewe. Mimi nimelelewa na mama asiyetaka mchezo, kudeki si kitu kigeni kwangu. Nikajua saa mbili zitatosha na nyingine zitabaki. We acha tu.

Kusafisha nyumba unayoishi ni kitu kimoja, kusafisha nyumba ya mgeni anayelipa ni kingine kabisa. Nyumbani, unywele kwenye sinki ni unywele wako. Kwa mgeni, unywele uleule ni malalamiko yatakayosomwa na kila anayetafuta nyumba Mikocheni. Nikatandua vitanda viwili, nikakuta taulo moja lina wanja na lingine lina hina. Kwenye friji kulikuwa na nusu ya samaki wa kukaanga kwenye mfuko. Kikombe hata kimoja hakikuwa kisafi. Mikrowevu ilikuwa imerukiwa mchuzi mpaka darini mwake. Hapo hujaangalia kama gesi ipo, kama LUKU ina uniti za kutosha, rimoti ya kiyoyozi imejificha wapi, na balbu gani imeungua. Halafu kuna ile ncha ya tishu ya chooni inayokunjwa kama hotelini. Wifi alikuwa anaikunja kila mara, nami nikidhani ni mbwembwe tu. Kumbe wageni kadhaa walishaitaja kwenye maoni yao.

Chooni nikafanya kosa la kijinga. Doa lilikuwa halitoki, nikamwaga Jik juu ya dawa ya choo niliyokuwa nimeshaiweka. Haikupita dakika macho yanawaka, kifua kinabana, nikatoka mbio mpaka barazani nikikohoa. Tafadhali usijaribu. Dawa nyingi za kusafishia choo zina asidi, na asidi ikikutana na Jik inatoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Nilipomsimulia wifi baadaye akacheka kidogo. "Hiyo mimi ilinipata mwezi wa kwanza." Alikuwa peke yake ndani ya nyumba, na hakutuambia.

Saa nane kasoro dakika tano wageni wako getini na mlinzi, mimi bado niko na tambara mkononi. Mashuka na taulo chafu nikavipakia kwenye buti la gari, nikaenda kufua nyumbani kwa mashine. Wifi alikuwa anavibeba kwenye begi, anapanda navyo mwendokasi mpaka Kimara, anafua kwa mkono.

Hesabu za mezani

Usiku, watoto walipolala, nikachukua daftari. Nikamwambia mume wangu, leo tuhesabu kama watu wa biashara. Mwendokasi kutoka Kimara mpaka Morocco, halafu bodaboda mpaka Mikocheni, kwenda na kurudi tukaweka 5,000. Sabuni au tishu ikiisha alikuwa ananunua mwenyewe, tukaweka 2,000. Kwenye ile 10,000 inabaki 3,000. Kazi, ukijumlisha na kufua, ni saa sita. Gawanya. Wifi yangu mwenye cheti cha chuo alikuwa anapata 500 kwa saa, bei ya chapati moja mtaani kwetu.

Mume wangu akakunja uso. "Yule ni mdogo wangu. Nikianza kumlipa kwa saa, nitakuwa nimemfanya dada wa kazi." Hapo ndipo nilipomwelewa. Muda wote ule nilidhani ni ubahili, kumbe mwenzangu aliamini kwamba kutokuweka bei ndiyo heshima yenyewe.

Sikubishana naye. Nikafungua simu, nikamwonyesha tangazo la nyumba yetu. Chini ya bei ya usiku kulikuwa na mstari mmoja: ada ya usafi, 30,000. Kila mgeni aliyelala kwetu aliilipa. Tulikuwa tunamtoza mtu 30,000 kwa jina la usafi, na anayefanya usafi anaondoka na 10,000. Mume wangu akaitazama ile namba muda mrefu, akazima televisheni.

Nami sina pa kujifichia. Kazi yangu ni uhariri, na hakuna kinachonikera kama mtu kuniletea tasnifu ya kurasa 100 akisema, "Nisaidie tu, kwako wewe si dakika mbili?" Najua uchungu wake. Lakini ile 30,000 niliiandika mimi, kwa vidole vyangu hivi.

Kimara

Jumapili tukaenda wote wawili. Shangazi akatukaribisha juisi ya ukwaju, wifi akakaa kiti cha pembeni kabisa, karibu na mlango.

"Mdogo wangu, tumekukosea?" mume wangu akauliza.

"Hapana kaka."

Kimya. Shangazi akaingilia, "Sema mwanangu, maadamu wamekuja wenyewe."

Ndipo akasema. Ana nyumba mbili nyingine anazosafisha, moja Msasani na moja Masaki, kila moja wanamlipa 30,000, siku za Jumatano na Jumamosi. Ameanza karibu nusu mwaka, na muda wote huo alikuwa anabanana ili asituangushe sisi. "Kule nikimaliza napiga picha, natuma, pesa inaingia, naondoka. Kwenu nikimaliza nakaa, nasubiri kaka atume kitu. Wakati mwingine nasubiri mpaka Jumatatu. Nikikumbusha, naonekana nadai."

"Sasa si ungesema?" kaka yake akauliza, sauti imeshuka.

"Ningesema shilingi ngapi, kaka?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Nikatoa daftari langu kwenye mkoba.

Bei tuliyoipanga

Tulianza na muda, kwa sababu ndio uliokuwa umesahaulika. Saa nne za kazi ndani ya nyumba, kila saa 5,000, ni 20,000. Nauli 5,000. Hiyo 25,000 inaingia mkononi kwa wifi siku hiyohiyo, kwa simu, bila kukumbushana. Mashuka na taulo yanakwenda kwa dobi, 8,000. Sabuni, dawa na tishu, 4,000, tunanunua sisi. Mwisho tukatenga 3,000 za kubadilisha taulo na mashuka yanayochakaa. Jumla ni 40,000.

Tukanunua pia seti ya tatu ya mashuka kwa kila kitanda: moja kitandani, moja kwa dobi, moja kabatini. Kabla ya hapo tulikuwa na mbili, ndiyo maana wifi alikuwa anafua usiku na kuomba jua la asubuhi.

Sasa mgeni atakubali kulipa 40,000? Hapa wengi wanateleza. Ada ya usafi inalipwa mara moja kwa kila ujio, hailipwi kila usiku. Mgeni wa usiku mmoja kwetu angelipa 160,000, na angekimbia. Wa siku mbili analipa 280,000, yaani 140,000 kwa usiku. Wa siku nne inamfikia 130,000. Kazi ya kusafisha ni karibu ileile kwa wote. Kwa hiyo tukaacha kupokea wageni wa usiku mmoja. Wala usifikirie kuweka bei ndogo ya kulala halafu ukaficha gharama kwenye usafi, maana tangu Aprili 2025 Airbnb inamwonyesha mgeni, popote alipo duniani, jumla pamoja na ada zote kabla ya kodi, tangu anapoanza kutafuta nyumba.

Yako mambo mengine ambayo ni wifi aliyetufundisha, kwa sababu kule Msasani na Masaki alishayajua. Anapoingia anapiga picha kabla hajagusa kitu, ili kikombe kilichovunjika kisiwe deni lake. Wageni wakifanya sherehe, kuna nyongeza ya 10,000. Mgeni akiahirisha wakati yeye ameshafika, anapata nauli na nusu ya malipo. Na kama wewe una nyumba kubwa zaidi, usinakili bei yetu. Hesabu vitanda na vyoo, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyokula muda.

Jumamosi bado hawezi kuja kwetu. Anamtuma rafiki yake waliyesoma naye, na tunamlipa bei ileile. Mume wangu alijaribu kuuliza kama huyo, kwa vile si ndugu, atachukua kidogo zaidi au pungufu. Wifi akamjibu, "Kaka, choo ni kilekile."

Ada ya chuo? Mume wangu hajaitaja tena. Ile ilikuwa zawadi, na zawadi hailipwi kwa kudeki.

Wewe na mwenzako, kama mnayo nyumba ya wageni na kuna mdogo, binamu au shangazi anayewasaidia "kidogo", leo jioni fungueni tangazo lenu muangalie mstari wa ada ya usafi. Halafu muulizaneni ni kiasi gani kinamfikia mwenye ndoo na tambara. Mkiona aibu kama sisi, si mbaya. Nendeni mkaongee naye.

Wiki mbili zilizopita wifi alikuja kwetu kwa chakula cha mchana cha Jumapili. Zamani, akimaliza kula tu, alikuwa wa kwanza kukusanya vyombo, nami nilikuwa namwacha. Safari hii alikula pilau yake, akajisogeza kwenye kochi, akaanza kumwonyesha mwanangu picha kwenye simu. Vyombo vikabaki mezani. Mume wangu akaniangalia, nami nikamwangalia.

Tukainuka, tukaenda kuosha.