London na watoto: Mtaa kwanza, hoteli baadaye

Familia nyingi zinazopanga likizo London huanza na bei ya chumba. Mzazi mwenye watoto wadogo ana swali la kuuliza kabla ya hilo: jioni, mvua inanyesha na mtoto amelala begani, kutoka kituo cha treni hadi kitandani kuna mwendo gani na ngazi ngapi?

Treni za chini ya ardhi za London zilianza mwaka 1863, na vituo vingi vya katikati ya jiji havina lifti hadi leo. Mzazi hulazimika kubeba kigari cha mtoto mikononi.

South Kensington huvutia kwa sababu makumbusho ya viumbe na ya sayansi yako hapo, na kiingilio ni bure. Lakini vyumba ni ghali, na kituo chake kina ngazi.

Paddington huwafaa wenye mtoto mchanga na siku chache. Treni ya Elizabeth, iliyofunguliwa mwaka 2022, hufika hapo moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow, na ina lifti. Bustani ya Hyde Park iko karibu, na barabara ya Edgware ina migahawa mingi ya halali. Tahadhari ni moja: hoteli nyingi za bei nafuu ziko katika nyumba za zamani zisizo na lifti, na chumba cha familia kinaweza kuwa ghorofa ya nne.

Wanaokaa wiki nzima na watoto wakubwa kidogo huangalia Stratford, mashariki mwa jiji. Kuna bustani ya Olimpiki ya 2012, viwanja vya michezo ya watoto na maduka makubwa ya chakula. Nyumba yenye jiko hupunguza gharama ya kula nje. Katikati ya jiji ni takriban robo saa kwa treni.

Umbali huo hauongezi nauli ya wadogo. Watoto chini ya miaka 11 hupanda treni za chini ya ardhi bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa, hadi wanne kwa kila mtu mzima.

Kabla ya kulipia chumba, mzazi aulize mambo matatu: lifti ipo, kituo kiko umbali gani, na duka la maziwa lililo karibu hufungwa saa ngapi.