Ng'ombe Waliopotea Katika Hesabu

Sisi walimu wa lugha tuna desturi ya kuzikwepa tarakimu. Hesabu twawaachia wenzetu wa hisabati, nasi twabaki na insha, ushairi na sarufi. Yumkini desturi hiyo ilitufaa zamani. Siku hizi orodha za msamiati, alama za mitihani na majibu ya hojaji huingizwa katika kompyuta, na kile kitokacho humo huchukuliwa kuwa kauli isiyopingika. Nia ya makala haya ni kuonyesha, kwa kisa kimoja kilichotukuta hapa Uganda, kwamba kompyuta inapotoa jambo la kustaajabisha, aghalabu chanzo chake ni suala la kusoma na kuandika. Na katika masuala ya kusoma na kuandika, mwalimu wa lugha si mgeni.

Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Tangu hapo kiu ya vitabu vya kuanzia imezidi. Wenzangu wachache nami tuliazimia kukusanya insha za wanafunzi wa shule mbili, moja ya mjini na nyingine ya magharibi katika nchi ya wafugaji, ili tujue ni maneno gani ya Kiswahili ambayo watoto wamekwisha kuyamiliki. Maneno hayo ndiyo yangekuwa msingi wa kijitabu cha mazoezi. Mada ilikuwa moja: kazi za nyumbani kwetu. Insha zote nilizisoma mwenyewe, moja baada ya moja, kalamu nyekundu mkononi.

Kazi ya kuhesabu ilimwangukia mwenzetu kijana, mwalimu wa hisabati, aliyejifunza lugha ya R. Hii ni lugha ya kuiagiza kompyuta ifanye kazi za takwimu. Asili yake ni lugha iitwayo S, iliyoanza kutungwa mwaka 1976 katika maabara za Bell huko Marekani, John Chambers akiwa miongoni mwa waasisi wake. Ross Ihaka na Robert Gentleman, wa Chuo Kikuu cha Auckland nchini Nyuzilandi, ndio walioianzisha R katika miaka ya 1990, na toleo lake la 1.0.0 lilitoka tarehe 29 Februari 2000. Haiuzwi, kila mwenye kompyuta anaweza kuipata bure. Kwa sababu hiyo walimu wa nchi zetu wanaweza kuitumia bila kuomba fedha kwa mtu.

Majedwali yalipotoka, tulipigwa na butwaa. Wanafunzi wa mjini, ambao wengi wao huonja maziwa ya dukani tu, walikuwa wamelitumia neno ng'ombe mara nyingi. Wanafunzi wa nchi ya wafugaji, ambao huamshwa na mlio wa ndama, hawakuwa nalo hata mara moja. Tena jumla ya maneno yao ilikuwa pungufu mno. Pembeni mwa jedwali mmoja wetu alikuwa amekwisha kuandika kwamba shule ile ina msamiati haba, na kwamba kijitabu chake kianze chini zaidi.

"Mwalimu, mashine haina upendeleo," kijana aliniambia kwa adabu.

"Nakubali, ndugu yangu," nilimjibu. "Lakini insha hizi nimezisoma. Sikumbuki hata moja isiyomtaja ng'ombe."

Ndugu msomaji, hapo ndipo kazi ilipoanza. Mashine ikitoa jambo usilolielewa, si busara kuishutumu, wala si busara kuisujudia. Tulianza kwa kuhesabu. Je, faili lenyewe lina mistari mingapi, na R inadai kuwa imesoma mingapi? Hesabu hizo mbili hazikulingana: R ilikuwa imesoma mistari michache zaidi, na wala haikutoa onyo. Basi tukajua kwamba kosa halikuwa katika kujumlisha. Maneno yalipotea mlangoni, kabla ya kuhesabiwa.

Kisha tulilipunguza faili. Fundi wa saa hatengenezi saa ikiwa ndani ya kabati. Huitoa, akaifungua juu ya meza. Tuliandika mistari mitano tu, kila mmoja ukiwa na neno na idadi yake, vikitengwa kwa kitufe cha Tab:

mbuzi 3
ng'ombe 9
maziwa 4
ng'ambo 1
zizi 2

Tukaiagiza R isome kwa amri ile ile, read.table. Ikarudisha mistari mitatu. Mbuzi alikuwapo, na zizi lilikuwapo. Katikati palikuwa na neno moja refu la ajabu, lililoanza na "ngombe", likameza tarakimu 9, likameza maziwa pamoja na idadi yake, likaishia na "ngambo". Na mbele yake idadi 1. Tulipomwondoa ng'ombe na ng'ambo, mistari yote iliyosalia ilisomwa sawasawa. Tulipowarudisha, maradhi yakarudi.

Mwalimu wa sarufi ameshatambua. Maneno hayo mawili yana ritifaa. Kwetu ritifaa katika ng' ni sehemu ya tahajia: ndiyo inayotenga sauti ya kwanza ya ng'ombe na ile ya ngoma. Lakini wapo waandishi, hasa wa Kiingereza, ambao huitumia alama iyo hiyo kufungua na kufunga maneno ya msemaji. Amri ya read.table, isipoagizwa vinginevyo, huzihesabu alama zote mbili, ile ya mkato mmoja na ile ya mikato miwili, kuwa ni alama za usemi. Kwa hiyo ilipokutana na ritifaa ya ng'ombe, ilidhani kwamba msemaji ameanza kunena, ikapokea kila kilichofuata kuwa ni maneno yake, hata mwisho wa mstari, mpaka ilipoikuta ritifaa nyingine, ile ya ng'ambo. Hapo ikadhani msemaji amenyamaza.

Tazama basi matokeo yake katika faili zima. Kila neno lenye ritifaa moja ama lilifungua usemi ama liliufunga, kwa hiyo halikusalimika hata moja, na pamoja nayo yaliangamia maneno yaliyokaa baina ya kila jozi. Neno ng'ang'ania, lenye ritifaa mbili, liliweza kujifungua na kujifunga lenyewe. Mara moja tulilikuta limesalimika, ila limevuliwa alama zake na kuwa "ngangania". Na kwa kuwa jumla ya ritifaa ilikuwa shufwa, mashine haikuona sababu ya kulalamika. Ingekuwa witiri, ingetoa onyo kwamba faili limekwisha huku usemi haujafungwa. Ndiyo kusema kwamba aliyeandika zaidi juu ya ng'ombe ndiye aliyepunjwa zaidi. Watoto wa wafugaji waliadhibiwa kwa kulijua neno.

Na kwa nini watoto wa mjini hawakudhurika? Insha zao zilichapwa kwanza katika programu ya kuandikia barua, ambayo huibadili ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho la binadamu ni alama moja. Kwa kompyuta ni alama mbili tofauti, na ile iliyopinda R haiichukulii kuwa alama ya usemi. Tofauti ya shule mbili, ambayo tungeieleza kwa uhodari wa watoto au uzembe wa walimu wao, ilikuwa tofauti ya wachapaji.

Palitolewa shauri kwamba ritifaa zifutwe zote, madhali mashine haizipendi. Nililipinga. Ukiifuta, ng'oa huwa ngoa. Na mtu anayeng'oa kisiki si mtu anayelia ngoa. Lugha isipunguzwe ili mashine istarehe, iwapo mashine yenyewe inaweza kuelekezwa. Na maelekezo yenyewe ni mafupi: katika amri ya kusoma huongezwa quote = "", maana yake, katika faili hili hakuna alama yoyote ya usemi. Tulifanya hivyo, na ile mistari mitano ikasomwa mitano. Faili zima nalo likasomwa kamili. Kisha tukazifanya ritifaa zote kuwa za namna moja, ili neno moja lisihesabiwe kuwa mawili.

Ajabu ya pili ilijitokeza baadaye, na wakati huo hatukutishika tena. Sehemu moja ya orodha ilikuwa imechapwa kwa herufi kubwa tupu, na humo kiunganishi "na" hakikuonekana kabisa, ingawa hakuna mtu awezaye kuandika ukurasa wa Kiswahili bila kukitumia. R ina desturi ya kuandika NA, kwa herufi kubwa, pale ambapo habari haipo. Ilipolisoma neno letu NA, ikalifahamu kuwa ni pengo. Neno linalounganisha watu na vitu likawa ishara ya kutokuwapo! Hapa dawa ilikuwa kuongeza na.strings = "", ili pengo liwe pale tu palipoachwa wazi.

Katika visa vyote viwili R haikusema uongo wala haikuharibika. Ilifuata desturi zilizoandikwa waziwazi katika maelezo yake, desturi zilizowekwa na watu waliokuwa wakifikiria maandishi mengine. Kila msomaji huja na mazoea yake, na mashine ni msomaji asiyejua kushuku mazoea yake. Kazi ya kushuku ni yetu. Nasi tunaiweza, kwa kuwa tunajua insha zinasema nini.

Hasara iliyokaribia kutokea haikuwa ya tarakimu. Darasa zima lilikuwa karibu kupewa kitabu cha chini ya uwezo wake, na kuitwa maskini wa maneno, kwa sababu ya alama ndogo kuliko punje ya mtama. Na lau wanafunzi wale wangekuwa wageni kwetu, nani angewatetea?

Kwa hiyo namwomba kila mwalimu atakayeletewa jedwali la namna hii aulize mambo matatu kabla ya kulipokea. Mistari ya asili ilikuwa mingapi, na iliyosomwa ni mingapi? Je, maneno yenye ng' yamo, na yameandikwa sawasawa? Na lile neno dogo kuliko yote, "na", liko wapi? Majibu ya maswali hayo hayahitaji shahada ya takwimu. Yahitaji mtu aliyezisoma insha.