Daftari la Mwaka wa Ukame

Ganze, Kilifi

Jumanne, 14 Februari 2023

Leo Rais na viongozi wa dini wamekusanyika Uwanja wa Nyayo, Nairobi, kuiombea nchi mvua. Tulisikiliza redioni chini ya mwarobaini, pale tunapongojea lori la maji. Misimu mitano mfululizo imepita bila mvua ya maana, na mifugo zaidi ya milioni 2 imekufa nchini. Kijana mmoja wa bodaboda akasema maombi yangekuwa yanaleta mvua, Ganze ingekuwa bahari. Tulicheka, nami nilicheka. Lakini maombi yalipoanza alivua kofia, na baadaye akambebea bibi mmoja mitungi yake bila kumdai kitu. Simhesabu miongoni mwa wasioamini.

Lori halikuja.

Alhamisi, 23 Februari

Jana ilikuwa Jumatano ya Majivu. Siku hiyohiyo wataalamu wa hali ya hewa wa kanda hii wakatangaza kwamba mvua za Machi hadi Mei zinaelekea kuwa chini ya kawaida sehemu nyingi. Baada ya ibada wenzangu walinong'ona: sasa tuombe nini, na wenye mitambo wamekwisha sema?

Mimi sioni ugomvi hapo. Mtaalamu anasema anachokiona. Eliya kule Karmeli aliomba mvua huku akimtuma mtumishi wake akaangalie upande wa bahari, mara saba. Kuomba hakukumzuia kutazama mbingu. Nimeamua kupanda mtama na kunde, mahindi kidogo tu pembeni. Kama Mungu ataleta mvua nyingi, mtama hautamlalamikia.

Jumapili, 12 Machi

Kwenye maombi ya akina mama kuna wenye sauti na kuna Mama K. Yeye hutikisa midomo tu. Leo mmoja alimwambia aombe kwa nguvu, Mungu asikie. Nikamkumbuka kuhani Eli, aliyemwona Hana akiomba kimya akadhani amelewa. Tangu zamani watu wa hekaluni ni wepesi kuwapima wengine kwa kelele.

Mama K. alinifuata njiani. Dada yake ameuza kiwanja, amechukua watoto, amekwenda kuishi na watu wa mhubiri fulani huko Shakahola. Simu yake haishikiki tangu kabla ya Krismasi. "Mwalimu, niombee, lakini usimwambie mtu." Naandika hapa kwa kuwa daftari halina mdomo.

Ijumaa, 31 Machi

Imenyesha! Ilianza usiku wa manane. Nilitoka na kanga moja nikapanga sufuria, mabeseni, hata karai la saruji, chini ya mabati. Asubuhi silanga lilikuwa na maji mekundu mazito, na watoto wameyashangaa kama watu waliofika mjini mara ya kwanza.

Mchana kutwa ni madai. Wazee wa kaya wanasema ni sadaka yao. Muuza duka, aliye kwenye saumu, anasema ni baraka ya Ramadhani. Sisi tunasema ni Kwaresma. Nimewapa wote mkono wa pongezi. Aliyeleta mvua mwenyewe hajadai kitu.

Ila redio inasema kaskazini mvua imeshuka kwa mafuriko, juu ya watu walewale ambao ukame umewamalizia mifugo. Nitashukuru, na nashukuru kwa moyo wote, lakini sitasimama kanisani kutangaza kwamba tumejibiwa kwa sababu tuliomba vizuri. Mama wa Marsabit naye aliomba.

Jumatatu, 24 Aprili

Tangu Ijumaa polisi wanafukua makaburi msituni Shakahola. Watu waliambiwa wafunge mpaka wafe, wakaonane na Yesu. Idadi inapanda kila taarifa ya habari. Msalaba Mwekundu wamefungua dawati Malindi la kuandikisha waliopotea. Mama K. amekwenda na picha ya dada yake na ya watoto.

Dukani wanawaita wajinga. Mimi siwezi. Wengine waliuza vyao vyote, na waliomba kwa bidii kuliko yeyote kati yetu. Hilo ndilo linaloniondolea usingizi: moyo wao ulikuwamo mzima. Kwa hiyo kusema "omba kwa moyo wote, Mungu atajibu" hakutoshi, na tumesema hivyo miaka mingi kwenye mimbari zetu bila kumalizia.

Nimekaa na Biblia mpaka taa ikaishiwa mafuta. Isaya 58: mfungo anaoutaka Mungu ni kumgawia mwenye njaa chakula chako. Marko 5: Yesu amemfufua binti wa Yairo, na anachoagiza mara moja ni kwamba mtoto apewe chakula. Na Eliya yuleyule wa Karmeli, sura inayofuata, amelala chini ya mretemu akiomba kufa. Ombi la kutoka moyoni kabisa! Hakupewa. Aliletewa mkate na maji, akaamshwa ale, akalala, akaamshwa ale tena.

Basi anayemzuia mama kumpa mtoto uji kwa jina la Mungu anatumwa na mwingine. Jumapili nitaomba nafasi nizungumze na vijana juu ya hilo. Kama mchungaji hatanipa, nitazungumza nao nje, kwenye foleni ya maji.

Jumanne, 9 Mei

Mama K. alikuja jioni. Hakukaa. "Mwalimu, uliniombea kweli?"

Nikasema ndiyo, kila siku.

"Basi mbona?"

Sikuwa na la kumjibu, na nilimshukuru Mungu kwamba sikujaribu. Nilimkaribisha chai, nikamsomea Zaburi ya 88. Ni zaburi ya mtu aliyelia usiku na mchana, na tofauti na nyingi nyingine, mwishoni haigeuki kuwa sifa. Inaishia gizani. Mama K. akaniambia nirudie. Kisha akasema, "Huyu ananijua," akaomba nimwandikie namba ya zaburi kwenye karatasi.

Baada ya yeye kuondoka nilijiuliza ninamtumainia Mungu kwa nini hasa. Si kwa sababu ya mvua, maana mvua imekuja na dada hajaonekana. Nadhani ni hili: mtu anayesema "basi mbona" bado anaongea naye. Aliyekata tamaa hamuulizi mtu kitu. Na Mungu aliyeruhusu Zaburi ya 88 ibaki kitabuni haogopi swali la Mama K. Jibu la mvua nimeliona kwa macho. La dada yake sijaliona, na sitamtungia.

Jumatano, 17 Mei

Mtama umefika magotini. Kunde tumeanza kuchuma majani.

Ndugu wa waliopotea wanatakiwa kutoa sampuli za vinasaba Malindi, ili zilinganishwe na za miili. Mama K. hataki kwenda peke yake. Mchango wa akina mama umetosha nauli ya watu wawili. Matatu inaondoka saa kumi na moja alfajiri, na nimemwambia nitakwenda naye.