Nansio: Maji kila upande, mahindi yamekauka!

KUNA watu wa mjini ukiwatajia Ukerewe wanafikiria vitu viwili tu, machungwa na samaki. Mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka mshikaji wangu wa Nyakato aliponivuta shati siku moja ya Desemba. "Twende Nansio ukamwone bibi. Ana kesi na mimi."

"Kesi gani?"

"Ya mahindi."

Basi bwana, safari ikaanza. Ukitokea Mwanza unapanda meli, unakaa zako juu unapigwa upepo wa ziwa kama saa tatu hivi. Usipotaka meli, zunguka na basi kupitia Bunda hadi Kisorya, kisha uvuke kwa kivuko mpaka Rugezi. Kwa sisi tuliozoea kubanana kwenye daladala, meli ni tiba tosha. Maji mbele, maji nyuma, maji kushoto na kulia.

Nansio yenyewe si mji wa kukutisha. Gati, soko, bodaboda wanaogombea abiria, akina mama na beseni za matunda, na harufu ya dagaa inayokukaribisha kabla ya mwenyeji. Tukachukua bodaboda hadi nje kidogo ya mji, kwa bibi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Karibuni. Kabla ya kukaa, twendeni kwanza shambani."

Jamani! Hata maji ya kunywa hatujapewa.

KESI YENYEWE

Shamba la bibi halifiki eka mbili. Upande mmoja mihogo, imesimama vizuri. Upande wa pili ndio ulikuwa na mahindi: mabua mafupi, majani yamejikunja kama sigara ya kienyeji. Ukiinua kichwa unaliona ziwa linang'aa, hata nusu kilomita halifiki!

"Nimepanda mara mbili," akasema bibi. "Mara ya kwanza mvua ilinyesha siku nne, nikasema vuli hiyo. Ikakata. Mbegu ikaota, ikafa. Huyu mjukuu wangu akatuma hela ya mbegu nyingine. Nayo ndiyo hiyo mnayoiona. Sasa namwambia asitume tena, yeye anasema bibi amezeeka, hataki kulima."

Mshikaji akatazama chini. Kila mwaka hujibana, anatuma hela ya mbegu na kibarua. Kwake mahindi ndiyo chakula, mengine ni ya kujazia.

Nikauliza swali la kijinga la mtu wa mjini. Kwa nini msimwagilie na ziwa hilo hapo? Bibi akacheka mpaka akashika kiuno. Pampu nani anunue, mafuta nani aweke, bomba lipande mlima huu kwa hela ipi? "Ziwa tunalivua, mjukuu wangu. Shamba linangoja la juu."

ZIWA MOJA, SAHANI MBILI

Msomaji, usidhani kukaa karibu na ziwa ni kupata mvua ya bure. Usiku upepo wa nchi kavu kutoka pande zote hukutana katikati ya ziwa, radi zinapiga, na mvua kubwa inaishia majini. Pepo za mashariki nazo husukuma mawingu kwenda magharibi. Ndiyo maana Bukoba kwa mwaka hupata mvua zaidi ya maradufu ya ile ya Musoma, wakati wote wanakunywa ziwa hilohilo.

Ukanda wetu huu wa Ziwa una misimu miwili, vuli kuanzia Oktoba na masika kuanzia Machi. Ukienda kusini, ukaipita Shinyanga na kuingia Tabora, unakuta msimu mmoja tu mrefu. Mkulima wa Nansio amezoea kubahatisha mara mbili kwa mwaka. Vuli ikimtupa, masika inamwokota.

Sasa ndipo penye tatizo. Watafiti wa hali ya hewa wameona kuwa tangu miaka ya 1980 hadi mwishoni mwa miaka ya 2000 masika ya Afrika Mashariki kwa jumla yalikuwa yakifupika, yakichelewa kuanza na kuwahi kuisha. Vuli nayo imekuwa kigeugeu. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu, kama mwaka 2019, inamwagika mpaka basi. Ikigeuka, unaambulia vumbi. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda yakaivunja rekodi ya mwaka 1964, mialo na mashamba ya pembezoni yakamezwa. Lakini mwaka 2006 ziwa hilohilo lilikuwa limeshuka sana, mitumbwi ikawa inaachwa mbali na ufuko wake wa zamani.

MSTARI UNAOTEMBEA

Mambo haya si ya kwetu peke yetu. Marekani, mwaka 1878, mtu mmoja aitwaye John Wesley Powell alionyesha kuwa nchi yao inagawanyika karibu na longitudo ya 100. Mashariki yake mvua ya kutosha kulima, magharibi yake ukame. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia wakasema mpaka huo wa ukame umesogea mashariki kama kilomita 225 tangu mwaka 1980. Maana yake, mkulima anaweza kulala kwenye nchi ya mahindi na mwanawe akaamka kwenye nchi ya ngano, na hakuna aliyehama.

Huku bara, mstari wa mvua ukisogea, mtu naye husogea. Si unawaona Wasukuma? Malisho yakiisha wanaswaga ng'ombe, leo wapo Rukwa, wapo Morogoro, wapo mpaka Lindi. Lakini kisiwani utaswaga kwenda wapi? Wilaya nzima ya Ukerewe ina nchi kavu ya kilomita za mraba kama 640, iliyobaki ni maji. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya 380,000. Piga hesabu mwenyewe, ni karibu watu 600 kwa kila kilomita moja ya mraba. Hapa mtu hahami. Kinachoweza kuhama ni mbegu.

Na visiwa hivi vinajua kazi hiyo. Jirani pale Ukara, Wakara walibanwa na ardhi zamani sana. Wakafuga ng'ombe ndani ya nyumba, wakakata majani ya kuwalisha, samadi ikabebwa hadi shambani kila msimu. Wakoloni walipofika walishangaa, wakaandika habari zao kwenye majarida. Wakati huo watu hawakungoja bwana shamba aje.

HUKUMU

Jioni tukakaa kwenye mkeka. Ugali wa udaga, mweusi mweusi, na sato wa kuchemsha. Msosi wa nguvu! Bibi akatoa kibuyu kidogo, ndani mna mtama.

"Hii ni ya aina aliyolima mama yangu. Sisi tuliiacha tukasema ni chakula cha njaa, tukakimbilia mahindi. Mwaka jana jirani alipanda kipande, mvua ikakata, yeye akavuna. Nataka upande ule wa mahindi niweke mtama na viazi vitamu. Viazi nitakata michembe, inakaa. Mihogo nimepata miche ya mbegu mpya ya watafiti wa Ukiriguru, isiyoshikwa ovyo na batobato. Hela yako nitumie ya kibarua wa kubeba samadi. Ya mahindi sitaki."

"Na ugali mweupe bibi?" mshikaji akauliza kinyonge.

"Ugali mweupe utaula huko huko Mwanza."

Tulicheka sote, lakini jamaa alicheka kidogo. Usiku, tumelala, akaniambia miaka minne mfululizo amekuwa akituma hela ya mbegu, na gunia aliloletewa ni moja. Kumbe alikuwa anacheza kamari na mvua, tena kwa mkono wa bibi yake.

Asubuhi tuliondoka na kikapu cha machungwa. Gatini mshikaji akatoa kitambulisho, akatoa nauli, akatoa na hela nyingine akampa kijana wa bodaboda ampelekee bibi. "Mwambie ni ya samadi."

Nawe msomaji uliye Dar, Mwanza au Arusha, unayetuma hela nyumbani kila Oktoba, usiulize tu "mmeshalima?" Uliza mvua imeanza lini na imekata lini. Uliza na wao wenyewe wanataka kupanda nini. Jibu laweza lisiwe mahindi. Usinune.